Maana ya Nne

"Nani amekutuma ufute?" Daktari aliunyakua ukurasa mezani, akaupeperusha mbele ya pua ya Mama Nukta. "Nakuuliza wewe, nani amekutuma?"

Hakutumwa na mtu. Mama Nukta alikuwa msahihishaji wa prufu. Kazi yake ilikuwa kusaka makosa kabla kitabu hakijaenda mtamboni, na mstari mmoja wa Daktari alikuwa ameupiga wino mwekundu. Ebo! Mwanamke aliyeishia shule ya msingi, miwani yake imefungwa uzi sikioni, anamfutia kazi mtu mwenye shahada tatu! Daktari alisonya mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia.

Kamusi ya Daktari ilikuwa inakwenda mtamboni siku hiyohiyo. Jalada lilishakuwa tayari, na jina lililokuwapo ni moja tu, lake yeye. "Miaka kumi na miwili," alikuwa akiwatambia watu, "na kila neno nimelitafuta mwenyewe."

Kitenzi kilicholeta balaa kilikuwa cha kawaida tu cha Kiingereza, soak. Maana ya kwanza, kuloweka, kama nguo kwenye beseni. Ya pili, kulowesha chapachapa, kama mvua inavyomfanya mtu. Ya tatu, kumkamua mteja kwa bei ya kuruka. Asili yake Kiingereza cha kale, ukoo mmoja na neno lao la kunyonya. Huko kote Mama Nukta hakugusa. Aliifuta ya nne: kumbembeleza mtoto mchanga kwa kumtia miguu kwenye maji ya uvuguvugu.

"Hiyo haipo, Daktari," alisema taratibu. "Tuiondoe tu, wala hakuna atakayeuliza."

"Haipo wapi? Kichwani mwako? Asiyejua maana haambiwi maana, mama. Wewe hangaika na nukta zako."

"Uliipata wapi?"

Daktari alicheka kicheko cha puani. Yeye aliyesoma ng'ambo aulizwe maswali na mtu ambaye ng'ambo ameiona kwenye kalenda!

"Kwa mkunga mmoja Mwingereza, bibi kizee. Nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili."

"Si kwenye kitabu?"

"Kitabu! Mimi sinakili vitabu. Mimi ndiye ninayenakiliwa."

Mama Nukta alivua miwani, akaipangusa polepole. "Fikiri vizuri, mwanangu. Bado tuna saa nzima. Nafuta mstari mmoja, mambo yanaisha hapahapa."

Mwanangu! Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Huruma ya nini, kutoka kwa nani? Akaufungua mlango kwa kishindo, akamwita Mkurugenzi, mwenye kampuni, aje akate shauri: ama huyu mama afungashe virago leo, ama yeye aondoke na kamusi yake kwapani.

Mkurugenzi alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, akasikiliza upande huu na upande ule. Kisha akamwuliza Daktari swali moja tu. Anaweza kuapa kwamba maana ile aliipata kwa huyo mkunga?

Daktari akaapa, tena kwa kaburi la mama yake. Na kwa kuwa aliona anaaminika, akanogesha: aproni ya mkunga ilikuwa ya buluu, beseni lilikuwa la bati, na mtoto alinyamaza palepale miguu ilipogusa maji. Akamgeukia Mama Nukta, akambenulia mdomo.

"Haya, mama," Mkurugenzi alisema. "Daktari ameapa. Wewe una hakika gani kwamba haipo? Sema sasa, maana naona kazi inakuponyoka."

Mama Nukta alirudisha miwani machoni, akakaza uzi nyuma ya sikio.

"Niliitunga mimi," alisema. "Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, nafanya kazi kwa wale wachapishaji washindani wetu. Kila kamusi waliyotoa walitia maana moja ya uongo ili wamnase atakayewaibia, na mwaka ule zamu ya kutunga ilikuwa yangu."