Mwanaume wa Ukingoni

Mtoto anapelekwa na maji, na mkwe mtarajiwa kapiga goti anakagua fundo.

Mama mwenye yadi ya kufua mazulia aliliona jambo hilo kwa macho yake mawili, na hakuwa na mpango wa kulisamehe. Kitinda mimba wake, msichana wa miaka tisa, alikuwa katikati ya mto, kalikumbatia zulia jekundu la mteja lililochukuliwa na mkondo wakati wa kusuuza. Mvua za wiki nzima zilikuwa zimeujaza mto, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukingoni, jitu zima lenye kifua na ndevu lilikuwa linafunga kamba ya kuanikia kwenye mpini wa dumu tupu. Akafunga. Akavuta. Hakuridhika, akafungua, akaanza upya.

"Unafunga zawadi?" mama alimfokea. "Ingia majini!"

"Mwambie aachie zulia, mama. Likishiba maji litamzamisha."

Alimkata jicho. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia mtoto kelele asiliachie, zulia la watu lile, na hakuwa na haja ya kufundishwa mazulia na mtu wa lifti. Maana ndiyo kazi yake, eti: anazunguka kwenye maghorofa kukagua kamba za lifti. Hatengenezi, haendeshi, anakagua. Binti yake mkubwa, na akili zake zote za ukarani wa benki, katika wanaume waliojaa mjini ndiye huyu aliyemleta leo kumtambulisha. Tangu asubuhi mama alikuwa ameshamchoka. Kiti alikitikisa kwanza ndipo akakikalia. Ngazi za kushukia mtoni alizijaribu kwa mguu mmoja mmoja, huku wafuaji wakichekea pembeni.

"Kumbe hujui kuogelea?"

"Najua, mama."

"Sasa?"

"Mto huu siujui."

Mama akasonya. Hofu yote ilikuwa inamtoka mdomoni kwa sura ya matusi.

Hapo ndipo mdogo wake alipotokea, anakuja mbio kutoka getini. Mtaa mzima ulimwita Komando. Alikuwa baunsa wa klabu, na mama ndiye aliyemlea na kumsomesha tangu wazazi wao walipofariki. Hakuuliza kamba, hakuuliza dumu.

"Usiingie!" Mtu wa lifti alinyanyuka, akamwekea mkono. "Kaka, subiri, huoni chini kuna nini!"

"Pisha huko, mwanaume suruali!"

Komando alimsukuma kifuani, akamlaza kwenye tope. Kisha akajirusha, kichwa mbele, na buti zake miguuni. Wafuaji wakapiga makofi. Mama alijikuta analia, na yalikuwa machozi ya fahari. Angalau ukoo wake ulikuwa na mwanaume mmoja.

Mtu wa lifti aliinuka na tope lake, akaufuata mto kwa mbio za ukingoni, akarusha dumu. Likaenda pembeni. Akavuta kamba, akarusha tena.

"Achia zulia! Shika dumu!"

Mtoto aliliachia zulia, likazama papo hapo kama halikuwahi kuwepo, akalidaka dumu kwa mikono miwili. Mtu wa lifti na binti mkubwa, yule karani, wakavuta pamoja, polepole mno kwa macho ya mama, mpaka mtoto akagusa majani ya ukingo.

Wote wakamrukia. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akaangua kilio, na mama aliona tangu azaliwe hajasikia sauti tamu kama ile. Alimfunika kwa zulia dogo kavu, la mteja vilevile, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

"Mjomba wako ndiye kakusukuma kutoka chini, unajua?"

"Mjomba gani?" mtoto aliuliza.

"Huyu maji yamempanda kichwani," mama aliwaambia wafuaji, wakacheka wote, kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Alipokwisha kucheka akakumbuka kwamba ana mtu wa kumshughulikia. Akasimama, mikono kiunoni.

Mtu wa lifti alikuwa amerudi palepale alipoangushwa, amewapa mgongo. Hakuja hata kumpa mtoto pole. Dumu ameshalivuta, kamba kaikunja vizuri mkononi, na anavutavuta fundo lake kama kawaida. Binti mkubwa alisimama kando yake, kaziba mdomo kwa kiganja. Aibu hiyo, mama akajua, na akafurahi kwamba hatimaye imemfika.

"Wewe!" aliita. Alitaka yadi yote isikie. "Ndoa hapa hakuna, na uende ukawaambie kwenu. Mwanangu kaokolewa na damu yake. Wewe kazi yako kamba tu, kufunga na kufungua, mwanaume mwenzio anajitosa! Geuka nikuone hizo ndevu. Geuka, nakwambia! Na hilo dumu la nini tena, mtoto si katoka?"

Hakugeuka. Macho yake hayakubanduka kwenye maji.

"Mtoto katoka, mama," alisema. "Mjomba bado."