Sahani ya Hemedi

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Sheria ilitaka ndugu wa karibu aandike aliyoyaona kwa macho yake, si ya kusikia, kisha atie sahihi. Hapo ndipo hospitali ingeweza kumlaza mgonjwa wa akili asiyetaka kulazwa.

Kitwana aliandika polepole. *Mke wangu Mwanaidi kila siku humpakulia chakula mtoto wetu Hemedi, aliyefariki mwaka juzi. Hutoka kwenda kumngojea barabarani. Jana nusura akanyagwe na lori.*

Daktari alisoma, akavua miwani. "Na hicho chakula, mzee wangu, mnakitupa?"

"Hatukitupi."

"Kinaliwa na nani, basi?"

Kitwana alichezea kifuniko cha kalamu. "Na mimi. Akienda kuoga nakila haraka haraka. Akirudi akikuta sahani tupu, uso wote unamng'aa. Ananiambia, mwanao leo kala vizuri. Nami namwitikia, kala sana." Alikiweka kifuniko mezani. "Siku hizo, daktari, nyumbani tunakuwa watatu."

Daktari alivaa tena miwani. Alimwonyesha tu mstari wa sahihi.

Mlango ulisukumwa. Mwanaidi alichungulia kutoka kwenye benchi la nje, ushungi umemteleza mabegani, muuguzi nyuma yake.

"Baba Hemedi, hujamaliza tu? Saa sita hii. Mtoto atakuta jiko limepoa."

"Nakuja, mama Hemedi," alisema Kitwana. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, na tumbo lake, lililozoea chakula cha watu wawili, likaanza kunguruma.