Mahali Peupe kwenye Ramani

"Na hapa je?" mtafiti aliuliza, kidole kikiwa kwenye sehemu pekee nyeupe ya ramani. "Hakuna anayevuna kitu hapa?"

Kijiji kizima kilikuwa kimeizunguka meza. Tulikuwa tumemchorea sakafu ya bahari yetu: vichaka vya mwani, mazalia ya samaki, matope ya chaza. Palipopakwa rangi, meli za mgodi zisingeruhusiwa kupita.

Sehemu ile nyeupe ndipo shangazi yangu Qumaq hunipeleka wakati wa baridi, bahari ikiwa imeganda juu, na maji yakipwa yanaacha uwazi chini ya barafu. Tunatoboa barafu, tunashuka na taa mpaka sakafuni, tunachuma kome wanono, kisha tunatoka mbio kabla maji hayajarudi.

Nikafungua mdomo. Shangazi akanifinya paja.

"Unataka kumtangazia huyo?" alininong'oneza, akimwonyesha jirani yetu kwa kidevu. "Kesho utamkuta kule na ukoo wake mzima, na ndoo."

"Hapo pana mawe matupu," jirani alisema kwa sauti.

"Mawe na baridi," shangazi akadakia, na watu wakacheka.

Mtafiti akachukua rula. "Afadhali. Basi meli za mgodi, zile za kuvunja barafu, zipite hapa."

Kicheko kikakatika. Nikaitazama mikono iliyokuwa juu ya ramani: wa shangazi, wa jirani, wa mchungaji, wa mkewe. Vidole vyote vilikuwa na mikwaruzo mibichi ya magamba ya kome.

Mmoja mmoja wakaiteremsha chini ya meza, na mtafiti akapata nafasi ya kupiga mstari wake.