Mkono wa Zenebech

Kwa mchuzi wa kuku wenye pilipili, mji mzima wa Debre Birhan hakuna anayenishinda. Isipokuwa Zenebech jirani yangu, na dada zake wawili, na mke wa kinyozi. Kwa hiyo siku nilipomwona Zenebech anamwaga pilipili yake ya mwaka mzima kwenye shimo la taka, nilimkimbilia na sufuria.

"Kama huitaki si unipe mimi, shoga?"

"Sitaki hata kuinusa. Imenilia mume."

Si pilipili peke yake iliyomla. Miaka kumi na mmoja mumewe Bezabih alikula mchuzi ule, kifua kikamchoma, akameza kidonge cha kiungulia, na kesho yake akala tena. Vidonge alijinunulia mwenyewe duka la dawa, hakumwuliza mtu. "Mke wangu anawasha moto, mimi nazima," alikuwa akitamba, nasi tukicheka. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Kisha akapotea akitoka kanisani, njia aliyoipita tangu alipobatizwa. Asubuhi moja akamkazia macho mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na miwili, akamwuliza, "Wewe umetumwa na nani?"

Daktari Meklit, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, alimpima damu akakunja uso.

"Mama, vidonge hivi kwa wiki chache havina neno. Lakini ukivimeza miaka na miaka, tumbo linaweza kushindwa kuchukua vitamini moja kwenye chakula, ile inayotunza mishipa ya fahamu. Yake imekaribia kwisha. Tutamchoma sindano, na vidonge tutavipunguza kidogo kidogo. Ukikata ghafla, kiungulia kitarudi na ukoo wake wote."

"Na kichwa chake, mwanangu?"

"Kama ni vitamini, huenda akili ikarudi. Kama ni ule ugonjwa mwingine wa uzee, hairudi. Mlete baada ya miezi mitatu, tutajua."

Niliwasindikiza kurudi nyumbani. Tulipofika mlangoni kwake Zenebech akaniinulia kiganja. "Mkono huu ndio uliomfikisha pale. Huu huu utamrudisha."

Ndipo ilipoanza kazi. Asubuhi uji wa shayiri ya kukaanga. Mchana dengu za manjano zisizo na pilipili, zimepoa kama mahubiri ya shemasi. Mbegu za kitani alizitwanga akazichanganya na maji, uwatu akauloweka tangu jana yake. Injera, ule mkate wetu bapa mchachu, akampunguzia, akamwokea mkate wa ngano. Chakula cha jioni kabla jua halijazama, na kitanda akakiinua upande wa kichwani kwa matofali mawili. Kahawa akawa anakuja kuikaanga kwangu, harufu isimtese mwenzake, nami nikanywa vikombe vyote vitatu vya desturi kwa niaba ya mgonjwa. Jirani ni wa nini?

Mwezi wa pili alikuja anakimbia, shuka lake la mabegani likiburuzika.

"Kifua hakimchomi tena! Na unajua leo kafanya nini? Nimeingia na sinia, kainuka kitini! Kasimama mpaka nimeketi!"

"Bezabih huyu huyu?"

"Huyu huyu. Kala, kabakiza kidogo kwa adabu, kaniambia Mungu aibariki nyumba yako, mama."

"Na chumvi hajalalamikia?"

"Hata neno moja!"

"Basi nipimie kilo mbili za hiyo shayiri nimpe na wangu," nikamwambia, ingawa wangu nilikwisha kumzika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka mpya.

Miezi mitatu ilipotimia nikawasindikiza. Daktari akamwuliza Bezabih jina lake, akalitaja. Akamwuliza mji, akautaja, na baridi yake akaitukana vilevile. Kisha Daktari akamwonyesha Zenebech.

"Na huyu, mzee wangu, ni nani?"

Bezabih akageuka. Zenebech alikuwa ameuma ncha ya shuka, machozi yamejaa machoni hayajaanguka. Mzee akamtazama muda mrefu.

"Zenebech," akasema. "Mke wangu."

Vigelegele alivyopiga mwanamke yule, askari wa hospitali alikuja mbio na rungu. Daktari alivua miwani akawa anaifuta, akaifuta tena.

Nyumbani Zenebech hakutaka hata kuvua viatu. Alipasha dengu, akaosha mikono, akaketi ubavuni mwa mumewe. Akamega mkate, akachovya, akafinyanga tonge la kumlisha kwa mkono, kama siku ya harusi yao. Mimi nilikuwa pale kona, najifanya napanga vikombe.

"Niite tena," akamwambia. "Niite kama ulivyoniita kule."

Bezabih akatazama mlango. Akatazama dirisha. Uso ukamshuka kama wa mtu aliyekutwa na mkono ndani ya mtungi wa jirani.

"Punguza sauti, mama," akasema. "Umenilea vizuri miezi yote hii, sitaki kula mkononi mwako na uongo mdomoni. Yule binti wa miwani nilimdanganya. Niliona machozi yako, nikaona nikisema sikujui nitakuumiza bure."

Tonge likabaki hewani.

"Ila nakuomba sana," akanong'ona, "Zenebech wangu akirudi kutoka sokoni, usimwambie kwamba nimekuita kwa jina lake."