Mapambo ya Ukumbini

Siku Bi Tunu alipotunukiwa nishani, ukumbi wa maktaba ulipambwa ukapambika. Alikaa kiti cha mbele, mkurugenzi akimmiminia sifa: ndiye wa kwanza mjini kuweka sauti na picha mahali palipojulikana kwa vitabu tu, ndiye aliyezunguka vitongojini miaka thelathini akirekodi wazee.

Feni ikavuma. Utepe mwembamba wa kahawia, uliotandazwa kutoka nguzo hadi nguzo, ukamgusa shavuni. Akaushika, akaupapasa.

Akamwinamia Raya, mkutubi aliyerithi ofisi yake. "Mwanangu, hizi tepe mmezitoa wapi?"

"Kwenye kanda zako za stoo, mama. Mashine ya kuzisikilizia ilishakufa, tukaona zinang'aa vizuri."

"Mmefungua zote?"

"Zote. Na bado hazikufika mlangoni."

Wazee wale walikuwa wameshazikwa, hadi wa mwisho wao. Bi Tunu hakulia. Alianza kuuviringisha utepe kidoleni, taratibu, kama alivyozoea kukaza kanda iliyolegea. Fundo la nguzo ya kwanza likaachia, kisha la pili, na mapambo yakawa yanamjia huku watu wakipiga makofi. Kidole kikavimba, kikaanza kuwa cheusi.

Mkurugenzi akamletea maikrofoni aseme neno. Bi Tunu akaipokea, akakisogeza mbele ya maikrofoni kile kidole kilichofungwa utepe, akanyamaza. Ukumbi mzima nao ukanyamaza, ukisikiliza.