Mikono ya Nakiete

Mambo yaliharibika Jumatatu ya tarehe tatu Mei, siku Nakiete na mumewe Senzota walipopata nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji. Wakubwa wa wizara ya afya walitaka wanandoa wanaoomba pamoja waunganishwe akili, anachofanya mmoja mwenzake akijue papo hapo; nao wakakubali, wakaunganishwa.

Siku moja Nakiete alikuwa kwa baba yake, Mzee Mshana, akimenya ndizi, kisu kikamtoka. Vidole vikaanza kushona hewa.

“Senzota anapasua huko Mwanza,” akanong'ona. “Moyo wa mtoto, baba. Umeanza kupiga!”

Mzee akasisimka mwili mzima. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumkaribia marehemu mkewe hivyo.

“Mama, hao wakubwa wenu wamewaambia,” akauliza, “siku mmoja akifa, anayebaki atakuwa mzima?”