Kitufe cha Mashine Isiyo na Karatasi

Fundi alibonyeza F2. Kompyuta ikapiga mlio mmoja, ikagoma. Akaizima, akaiwasha, akajaribu F12. Ikagoma tena. Bi Fotokopi, mwenye duka, akacheka, akamfuta jasho la paji la uso kwa kitambaa chake mwenyewe, kile cha maua.

Kwenye benchi la wateja, Bwana Tai aliona kila kitu. Barua ya kuchapwa ilikuwa mkononi mwake tangu saa tatu, na wala hakukumbuka ilihusu nini.

Miezi minane benchi lile lilikuwa lake. Kikombe cha bluu pia kilikuwa chake. Kisha jana fundi akashuka kwenye basi na begi lake la bisibisi, na leo ndiye anayenywea kikombe cha bluu, viatu kavua, miguu kainyoosha chini ya meza kama yuko sebuleni.

Msusi wa mlango wa pili akachungulia, kitana kimechomekwa nyweleni. Siku zote humwita Bwana Tai shemeji. Leo alimwita mzee.

"Mzee, hata pale kwenye kona wanachapa barua."

"Nangoja hapa hapa."

"Haya. Mie simo." Akarudi saluni kwake, na punde kule ndani vikasikika vicheko vya chini chini.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mitumba, nembo imebanduka, haina kijitabu wala karatasi. Mfumo wa zamani wa kuiendesha ulishakufa. Fundi alikuwa na mfumo mwingine, wa bure, kwenye flashi. Ila kila mashine ina kitufe chake cha kuilazimisha isome flashi kwanza, na cha hii hakikuandikwa popote.

"Nani alikuuzia gofu hili?" fundi akauliza.

"Mtu tu wa mitumba." Bi Fotokopi alijibu upesi, kisha akamtupia Bwana Tai jicho la kumfukuza.

Mtu tu! Bwana Tai alilegeza tai yake shingoni. Gofu hilo yeye ndiye aliyelipandisha ngazi, begani, suti ikachanika kwapani.

Akaingia mama mmoja na vyeti vya kutoa kopi. "Mtaalamu wangu huyu," Bi Fotokopi akamwambia, "hashindwi na kitu. Mikono yake ina dawa." Akaweka kiganja begani kwa fundi, akakiacha hapo hapo.

Bwana Tai alijiambia anyamaze. Ahesabu vigae vya sakafu, hasira zipite. Alifika cha kumi na moja.

"Esc!" Alikuwa amesimama, barua imeanguka. "Gonga Esc mara mbili, halafu F9! Muuzaji alinionyesha siku nilipomnunulia! Mikono ina dawa, mikono ina dawa, saa mbili nzima hujui hata pa kubonyeza!"

Kule saluni vicheko vikakatika.

Fundi akagonga Esc mara mbili, halafu F9. Kioo kikawaka, orodha ikashuka, flashi ikiwa ya kwanza. Hakuitazama. Alizungusha kiti taratibu mpaka akawa uso kwa uso na Bwana Tai, akampa mkono.

"Asante sana, bwana. Kumbe mke wangu ana rafiki mwema hivi, na wala hajanitambulisha."